Uzi wa Lori

30 Septemba, Jumatatu

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya maturubai, lakini vipimo vyenyewe ninavyo kichwani, basi nitaandika mengine. Msimu wa korosho umeanza. Asubuhi malori matatu yalisimama mbele ya duka, yote yanataka turubai kabla ya mnada wa kwanza, na kila dereva anaapa kwamba yeye ndiye mwenye haraka kuliko wenzake.

Nimeshona peke yangu. Baba amekaa barazani na tasbihi yake. Tangu Mama afariki, mwaka wa pili huu, hajagusa cherehani. Zaidi ya miaka hamsini watu wa Mikindani wamemwita Mzee Turubai, na sasa dereva akimwuliza jambo ananyoosha kidole kwangu bila kufungua mdomo. Namwonea huruma, halafu nakasirika. Mimi nina miaka hamsini na mbili, mgongo unaniuma, na mshono wangu haujafika kwenye wake. Madereva wanajua hilo ila wana adabu.

4 Oktoba, Ijumaa

Baada ya swala limekuja gari jeupe. Akashuka mwanamke mrefu mwenye suruali na buti, akaamkia vizuri kabisa, akasema yeye ni Injinia Doris, mtu wa Bukoba, na anafanya kazi na ile kampuni ya roketi iliyopanga ghala karibu na uwanja wa ndege. Sokoni watu wanasema hao wanatafuta gesi nyingine na roketi ni kisingizio. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Akatueleza taratibu. Roketi ikipaa, vipande vyake hurudi chini, na miaka yote vimekuwa vikipotelea baharini. Wao wanataka vipande hivyo viteremke polepole kwa mwavuli, waviokote, vitumike tena. Kwa sasa hakuna roketi yoyote. Kuna pipa refu la chuma, zito kama magunia matatu ya korosho, wanalidondosha kutoka kwenye ndege karibu na Msimbati na boti inakwenda kulichukua. Jaribio la kwanza lilikwenda sawa ila mawimbi yaliuburuta mwavuli kwenye miamba ukachanika, na fundi wao yuko ng'ambo. Kuna mtu bandarini kamwambia aende kwa Mzee Turubai.

Nilikuwa nafungua mdomo kusema Mzee hashoni siku hizi. Baba alikuwa ameshasimama. Akashika kile kitambaa, cha rangi ya chungwa na nyeupe, akakisugua kwa vidole, akakiweka mdomoni akapuliza. Akasema, "Kinapitisha hewa kidogo. Wamefanya makusudi."

"Mzee umejuaje?" Injinia akauliza.

"Turubai lisilopitisha hewa kabisa, upepo mkali unalipasua. Aliyefuma hiki ana akili."

Akaketi kwenye cherehani yake ya miguu. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikapika chai.

5 Oktoba

Baba ameshona tangu alfajiri. Ameniambia sindano zangu zote ni butu.

9 Oktoba, Jumatano

Injinia amemleta binti wa kutusaidia kutandaza, maana mwavuli ukifunguliwa unajaa ukumbi mzima wa madrasa. Anaitwa Sabina, ana miaka ishirini na mitatu, kwao ni Chuno. Baba yake, Gaudensi, anaendesha winchi bandarini, watu wa Mbinga hao. Kazi ya Sabina ni kukunja mwavuli, kuuingiza kwenye mfuko wake na kusaini kadi kwamba yeye ndiye aliyekunja.

Baba hakuamini kwamba mtu anaweza kuajiriwa kukunja. "Hata mimi nakunja mashuka," akasema. Sabina akamwambia, "Babu, kaa uone." Akaanza. Kila mkunjo aliupitishia kiganja mara mbili, midomo inacheza kwa kuhesabu, na alipokosea mmoja aliikunjua yote arobaini akaanza upya bila mtu kumwambia.  Baadaye Baba akaninong'oneza kwamba huyo ana mkono.

14 Oktoba

Sikukuu. Tumeshona vilevile.

15 Oktoba

Sabina na Baba wanataniana kutwa nzima hadi kazi yangu inaharibika. Amemwambia akiolewa gauni atamletea yeye ashone. Baba akamwuliza, "Unaolewa wewe au linaolewa lori?" Nilisahau kwamba Baba ni mcheshi. Nadhani hata yeye alisahau.

17 Oktoba, Alhamisi

Wametuchukua kwa gari hadi Msimbati kutazama jaribio la pili. Njiani, tulipopita Madimba, Baba alikuwa anamweleza dereva habari za pindo na mishono yake, na dereva maskini anaitikia tu.

Tulisimama mchangani pamoja na wanakijiji. Sabina akanifafanulia: kwanza hutoka mwavuli mdogo, huo ndio unaouvuta mfuko, mdomo wa mfuko unafunguka, mwavuli mkubwa unatoka. Mkono wake ulikuwa wa baridi licha ya jua lile lote. "Nikikunja vibaya, Dada Uzma, hautoki," akasema. "Hakuna mwingine wa kuulizwa. Ni jina langu kwenye kadi."

Ndege ikapita. Kitu cheusi kikaachiwa. Nikahesabu hadi sita moyoni, nikaona kamba, kisha ile rangi ya chungwa ikafunguka yote kwa mara moja juu ya maji na pipa likaning'inia likishuka taratibu. Watu walipiga vigelegele. Sabina alikaa chini mchangani akafunika uso. Baba akawa ananyoosha kidole na kusema, "Kiraka changu kile, upande wa kushoto," na mimi najua macho yake hayaoni hata kibao cha duka la jirani. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Rukiyabai angeona," akasema. Ni mara ya kwanza analitaja jina la Mama tangu tumzike.

19 Oktoba

Mikindani nzima inajua kwamba mshono wa Baba umeshuka kutoka mbinguni. Ameshawaambia wote, na wengine mara mbili.

22 Oktoba, Jumanne

Jana Baba alidondoka uani. Tumekesha hospitali. Daktari ameniita pembeni, amesema moyo umechoka sana, apumzike, asipandishwe hasira wala asipewe habari ya kushtua. Nimemwuliza kama anaweza kushona. Akasema kama kushona kunamfurahisha, ashone. Sabina amekuja na uji kwenye chupa, amemlisha mwenyewe.

28 Oktoba, Jumatatu

Baba hataki kitanda. Injinia ameleta mfuko wa mwavuli, mikanda yake miwili imelika. Baba amemaliza kabla ya adhuhuri, halafu kutwa nzima analalamika kwamba vile vitanzi vya mdomo wa mfuko vimeshikizwa kwa uzi wa kushonea nguo za kitoto. Ati amekivuta kimoja kwa kidole kikataka kutoka. Amevifumua vyote vinane, amevishona upya kwa uzi wetu wa lori, mara mbili, na nta juu. Nikamwambia tumwulize Injinia kwanza, huenda ana sababu. Akasema sababu ni kwamba alivishona mwenyewe na shule hawakumfundisha sindano. Tumecheka. Mfuko umechukuliwa saa kumi.

31 Oktoba

Joto. Malori manne. Hakuna jipya.

4 Novemba, Jumatatu

Sijui nianzie wapi.

Jaribio la tatu ndilo lililokuwa kubwa, wageni wa kampuni walikuja kutoka ng'ambo, na wakubwa wa wilaya walikuwepo chini ya shamiana, lile hema kubwa tulilowashonea sisi. Baba nilimwacha nyumbani kwa amri ya daktari, amenuna. Sabina alikuwa amevaa fulana mpya ya kampuni. Alinipungia mkono kutoka mbali kwa sababu alikuwa kazini.

Upepo ulikuwa unatoka baharini upande wa kusini, kwa hiyo ndege iliachia pipa mbali kidogo, karibu na mlango wa Ruvuma, ili mwavuli ulilete kwetu. Mwavuli mdogo ukatoka. Ukavuta. Mfuko ukanyooka. Nilihesabu sita, nikahesabu nane. Mdomo wa mfuko ulibaki umefumba. Lile pipa lilishuka na mwavuli mdogo ukipepea juu yake bila msaada wowote, likaingia pale maji ya mto yanapokutana na bahari, na sauti ilitufikia baadaye tukiwa tumeshaona maji yakiruka.

 Mgeni mmoja aliinua kamera yake akaishusha. Sabina alikimbia akaingia majini hadi magotini, kama vile angeweza kulifikia, na Injinia Doris alimfuata akamshika mabega. Nilimsikia Sabina akisema, "Nilikunja sawa, Injinia, nilikunja sawa." Alisema hivyo mara nyingi.

Nimerudi nyumbani. Baba alikuwa barazani ananisubiri. Nikamwambia haukufunguka.

"Ulichanika?"

"Haukuchanika. Haukutoka tu kwenye mfuko."

"Basi si mshono," akasema, akashusha pumzi. Kwa watu walivyoumia leo, nilichukia kuiona nafuu ile usoni mwake.

5 Novemba

Asubuhi nilifungua daftari nione jana niliandika nini, nikasoma na kurasa za nyuma. Nimesoma ya tarehe 28 Oktoba. Nimeisoma tena nimesimama.

Vitanzi vinane. Uzi wetu ule unavuta lori lililokwama mchangani, haukatiki. Na mfuko ule ulipaswa kufunguka kwa kuvutwa. Ule uzi wa nguo za kitoto Injinia aliuweka ili ukatike. Mimi si injinia lakini mpumbavu pia si mimi.

Baba anaimba jikoni, anapasha maziwa.

6 Novemba

Wapiga mbizi wamekwenda mtoni kulitafuta pipa. Maji ni tope tupu, huko juu mvua imeanza.

7 Novemba

Hawajapata kitu. Nimewaza jambo ambalo sitaki kuliandika. Haya, naliandika: nimeomba wasilipate.

9 Novemba, Jumamosi

Sabina alikuja saa nne. Baba alikuwa amelala. Alikataa kuketi, akasimama mlangoni akichezea ufunguo. Amekonda kwa siku tano tu.

"Dada Uzma, nina swali moja tu, halafu nitakwenda. Siku nilipokunja niliona vitanzi vya mfuko vimeshonwa na uzi mweusi, mnene. Mara zote ni mweupe, mwembamba. Nikadhani Injinia amebadilisha. Nikataka kuuliza, halafu nikaujua ule mshono, nikasema huu ni wa Babu. Nikaona haya. Nani mimi nikague mshono wa Babu? Nikaendelea."

Nikamwuliza mbona hajawaambia wakubwa.

"Sina hakika tena. Siku tano hizi wamenihoji mpaka sijui nilichoona. Mfuko wenyewe haupo. Nikisema na sicho, nitakuwa nimemsingizia mzee wa watu. Ndiyo nimekuja kwako. Ukiniambia Babu alivishona, Jumatatu nitasema. Ukiniambia hakuvigusa, basi macho yangu yamenidanganya, kosa ni langu. Nakuamini wewe."

Kutoka chumbani nilimsikia Baba akikohoa. Nilimwaza yule daktari. Nilimwaza Baba akipita sokoni na watu wakimpisha. Yote hayo yalipita upesi sana, sikupata hata muda wa kuona aibu.

"Hakuvigusa," nikasema. "Alishona mikanda tu."

Alinitazama. Si kwa kunishuku, hilo ndilo linaloniua. Alikuwa kama mtu anayepokea majibu ya hospitali. Akasema, "Asante, dada. Msalimie Babu, usimwambie nilikuja, atajisumbua."

Akaenda zake. Chai niliyommiminia ilikuwa bado inatoa moshi.

12 Novemba, Jumanne

Sabina ameandika kwa mkono wake kwamba alikosea kukunja. Amesimamishwa kazi. Dereva wa kampuni ndiye aliyeniambia, alikuja kuchukua turubai lake mwenyewe.

13 Novemba

Malori mawili. Nimekosea vipimo vya yote mawili.

14 Novemba

Leo sina la kuandika.

16 Novemba, Jumamosi

Leo Baba ameuliza habari za Sabina. Nikamwambia hayupo kazini tena. Akatikisa kichwa. "Nilimpenda yule mtoto," akasema, "lakini watoto wa siku hizi hawana makini. Anakunja huku anacheka. Kazi ya watu haitaki kucheka."

Nilikuwa na mkasi mkononi nikauweka chini. Huyu ni mtu aliyelishwa uji na binti yule. Maisha yangu yote nimemwona Baba kuwa mwadilifu kuliko watu wote, na leo nimemwona mzee anayefurahi kwamba lawama imekaa kwa mwingine. Halafu nikakumbuka kwamba hajui. Mimi ndiye ninayejua, na ninamwacha aseme.

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Korosho za watu zimelowa uani Rahaleo, wanakimbizana na maturubai. Tumeuza yote.

22 Novemba

Mara tatu nimeshika simu nimpigie Sabina. Mara ya tatu iliita, ikasema haipatikani.

26 Novemba, Jumanne

Injinia Doris alikuja kuaga. Vifaa vyao vimefungwa kwenye kontena, majaribio yanahamia nchi nyingine. Amezeeka kwa mwezi mmoja. Baba alimkaribisha kwa furaha, akaniagiza chai na bajia, akamketisha kiti cha Mama ambacho hakai mtu.

"Nina la kukufundisha kabla hujaondoka," akamwambia, "na usikasirike, mimi ni kama baba yako." Akachukua kipande cha mkanda, akatunga uzi wa lori kwenye sindano, akashona kitanzi kimoja mbele yetu. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Mimi nilisimama na sinia la bajia. Ningeweza kuliangusha, ningeweza kupiga kelele moto, ningeweza kusema neno lolote. Nilisimama tu.

"Vile ulivyovishona wewe vilikuwa vya aibu, binti yangu. Nilikushonea upya vyote vinane, sikutaka kukutangaza. Huko uendako waambie washone hivi. Vuta."

Injinia akavuta. Kitanzi hakikuhama. Akakiweka juu ya meza polepole sana.

"Mzee, ulivishona lini?"

"Siku ile ya mikanda."

Injinia alitazama mikono ya Baba. Baba akamtazama yeye, akanitazama mimi, akakitazama kitanzi. Baba si mtu wa kuambiwa mara mbili, hajawahi kuwa.

"Vilitakiwa vikatike," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Mwavuli mdogo ukivuta, vinakatika, mdomo unafunguka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sikukwambia. Hilo ni kosa langu, Mzee. Sikufikiri hata siku moja kwamba fundi atauona uzi mwembamba na kuuhurumia."

"Na yule mtoto?"

"Ameondolewa."

"Kwa mkono wangu."

"Nitaandika barua leo hii, Mzee. Jina lake litasafishwa. Kazi yenyewe sasa haipo, siwezi kukudanganya, lakini jina litasafishwa."

Baba alitaka kofia na viatu, aende Chuno saa ile ile. Alisimama, tukamrudisha kwenye kiti kwa kuhofia moyo wake. Akamshika Injinia mkono. "Hatukujua, mama. Wallahi hatukujua, mimi na binti yangu."

Mimi na binti yangu. Nimeinama nikaokota bajia ambazo hazikuanguka.

28 Novemba, Alhamisi

Tulikwenda Chuno kwa bajaji, mvua ya rasharasha. Gaudensi alikuwa ametoka zamu, bado ana viatu vya kazi. Alituletea viti. Baba alikataa kuketi kabla hajasema, akasema yote akiwa amesimama na fimbo yake, bila kujipunguzia. Mama yake Sabina alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

Baba alipomaliza, Gaudensi alikaa yeye kwenye kile kiti. Ni mtu mkubwa, kiti kililia. 

"Aliniambia, Mzee," akasema. "Aliniambia baba, uzi ule ulikuwa mweusi, nimeuona kwa macho yangu. Mimi nikamwuliza, umewauliza wenyewe walioshona? Akasema nimewauliza, wamekataa. Nikamwambia basi mwongo ni wewe. Wale ni watu wa swala tano, hawawezi kusema uongo kwa ajili ya uzi. Umeharibu kazi ya watu, na sasa unataka kumharibia mzee wa watu jina." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Maneno yakazidi. Nikamwambia asilale kwangu. Leo ni siku ya kumi na tano. Simu kazima. Mama yake hanipi hata maji."

Mama yake Sabina aliingia ndani. Tulimsikia analia.

Baba alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, kwa kutafuta. "Alimwuliza nani?" akasema. "Mimi sijaulizwa. Alimwuliza nani?"

Hakuna aliyenitazama. Hilo lilikuwa baya zaidi. Haikuwapitia akilini.

"Aliniuliza mimi," nikasema.

Baba aligeuka.

"Tarehe tisa, alikuja nyumbani. Nilijua tangu tarehe tano. Nikamwambia hukuvigusa."

Mvua ilikuwa imezidi juu ya bati, sikujua kama wamenisikia, nikataka kurudia. Gaudensi aliinua mkono kunizuia. Walikuwa wamenisikia. Akasema, kwa adabu ambayo sikuistahili, "Mama, naomba mtuache sasa."

 Ndani ya bajaji, tulipoanza kuteremka Mikindani, Baba akaniuliza bila kunitazama, "Ulifanya kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Sikukuomba."

Nilisubiri moyo wake usimame. Ndilo nililoliogopa muda wote huu, nikamfukia binti wa watu chini yake. Haukusimama. Alishuka mwenyewe, akaenda kutawadha.

1 Desemba

Baba hazungumzi nami ila mambo ya kazi. Maji. Uzi. Mlango umefungwa? Cherehani ameifunika kwa shuka.

3 Desemba

Injinia Doris ametuma nakala ya barua. Inasema Sabina hakukosea lolote. Imeandikwa vizuri. Nimeipeleka Chuno, nimempa mama yake mlangoni. Aliipokea kwa mikono miwili, akafunga mlango.

5 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Mvua. Malori hayaji, msimu unaisha. Nimejaribu kumwambia Baba kwamba niliogopa kumpoteza kama tulivyompoteza Mama. Akasema anajua. Akasema, "Na yule Gaudensi naye ana mtoto mmoja."

11 Desemba, Jumatano

Leo mama yake Sabina ametupatia namba. Yuko Masasi kwa rafiki yake, anabangua korosho kiwandani. Amekwisha kuzungumza na baba yake, lakini kurudi amekataa, labda Pasaka, labda siyo.

Baba alitaka azungumze yeye kwanza. Niliweka sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake. Alimwita mwanangu. Alisema, "Nilishona nisichotumwa, wewe ukabeba. Nimekaa hapa nikakusema vibaya na uji wako ulikuwa tumboni mwangu. Nisamehe." Nilimshika bega na kwa mara ya kwanza tangu Chuno hakuuondoa mkono wangu.

Sabina alilia. Akasema, "Babu, acha, Babu, ningekuuliza tu siku ile yasingetokea. Nimekusamehe zamani. Kula vizuri." Nyuma yake nilisikia wanawake wengi wakiongea na korosho zikigongwa. Baba hakuweza kuendelea. Akanisukumia simu, akaenda dirishani.

Niliondoa sauti kubwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno wiki mbili. Nikamwambia nilimwonea, nikamwambia habari ya daktari, ya moyo wa Baba, nikasikia mwenyewe jinsi yanavyosikika, nikaacha katikati. Nikasema nisamehe tu.

 Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama kazini tangu asubuhi.

"Babu hakujua, dada," akasema. "Wewe nilikuuliza."

Kisha akasema msimamizi anamwita, nikasema haya, na simu ikakatika.

Baba aligeuka kutoka dirishani akaniuliza, "Na wewe kakwambiaje?" Kwa macho yale ningeweza kumwambia lolote, angeamini, na angelala vizuri leo. Nilimwambia alivyosema, neno kwa neno.